Dari Hii Haigawanywi

Ingieni, ingieni wote wawili, na wewe Tirza binti yangu, wakishaingia funga huo mlango uuegemee kwa mgongo, maana ndugu zako hawa nawajua, mmoja akisikia sauti ya mwenzake hukumbuka ghafla kwamba ana mbuzi wa kukamua. Matania, wewe ndiye mkubwa, kaa hapa kuliani kwangu. Yozabadi, kushoto. Hapana, mwanangu, usikae huko karibu na mlango, njoo hapa kwenye mkeka, nikinyoosha mkono nikupate. Leo ninawausia, wanangu, na mtu anayeusiwa hakai kama anayesubiri zamu kisimani.

Kwanza msinililie. Nimeishi mpaka meno yamenikimbia, nimemwoa mwanamke niliyempenda, mama yenu Rispa, nimejenga nyumba toka vilima hivi vyetu vya Galilaya mpaka mjini Sephori, na katika zote ninazozijua iliyoanguka ni banda moja la punda, nalo liliangushwa na punda mwenyewe. Jana mzee Obedi alikuja kunitazama, akakaa hapo ulipokaa Yozabadi, akanikagua toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Zakuri, wewe bado. Uso wako haujawa wa maiti." Nikamwambia, "Obedi, uso wako wewe ni wa maiti tangu tukiwa vijana, na mpaka leo unamaliza dengu zangu." Tukacheka mpaka Tirza akaja kutufokea kama watoto. Kwa hiyo siendi kwa huzuni. Lakini ninakwenda, hilo ninalijua vile fundi anavyoujua ukuta uliochoka hata kabla haujatoa ufa.

Sasa tazameni juu. Inueni vichwa mtazame, mniambie mnaona nini. Matania anaona dari. Vizuri, macho yako ni mazima. Mimi ninaona jua. Nimelala chali hapa kiangazi chote, na nyufa za dari hiyo nimeshazipa majina. Ule mrefu unaotoka ukutani mpaka juu ya kichwa changu nimeuita Yordani. Udongo umekauka ukaachana, matete yanachungulia, na tangu asubuhi upepo unatoka baharini na magoti yangu yananiambia mvua ya kwanza iko njiani. Obedi, ambaye magoti yake ni mabovu kuliko yangu, anasema ni leo. Niambieni, ni nyumba gani katika kijiji hiki ambayo hamjasikia jiwe likinguruma juu yake juma hili? Hata mjane wa Heleki amepanda, mwanamke peke yake na mgongo wake ule, akatia udongo na makapi kwenye nyufa, akalivuta jiwe la kushindilia huku na huku mpaka dari yake ikawa ngumu. Nyumba ya Zakuri mwashi, baba wa waashi wawili, ndiyo iliyobaki kavu na imepasuka kama kisigino cha mchunga kondoo.

Na kwa nini? Tirza anajua, kijiji kizima kinajua, na mbuzi wakiulizwa watajibu. Jiwe la kushindilia liko juu, upande wa Matania. Panda ya mti ya kulivutia imetundikwa chumbani kwa Yozabadi. Mkubwa anasema, "Alete panda yake kama anataka jiwe." Mdogo anasema, "Alete jiwe lake kama anataka panda." Na katikati, juu ya dari hiyo hiyo, mmejenga tuta la udongo na mawe la kuonyesha wapi pa nani panaishia, nalo limepita sawasawa juu ya kitanda changu, kwa hiyo maji ya pande zote mbili yatakuja kukutana hapo, yasalimiane, halafu yashuke kwangu. Tirza ameshaniwekea bakuli kando ya kichwa. Namshukuru, lakini mimi ni mwashi, wanangu, na kufa na bakuli kando ya kichwa ni aibu ambayo sikuitarajia.

Wala bakuli si neno. Dari isiyoshindiliwa hunywa maji, na ikinywa huwa nzito, na boriti yangu hii ya mkuyu iliwekwa na baba yangu mimi kijana. Heleki mlimjua. Alisema atashindilia baada ya mavuno ya zeituni. Mvua haikungoja zeituni, boriti ikakatika alfajiri, tukamtoa chini ya udongo mimi na Obedi kwa mikono hii. Na hapa chini ya boriti hii, keshokutwa, siku ya kwanza ya juma, ndugu waumini watakuja kuumega mkate kama kawaida, na watoto wao, na yule bibi kipofu wa Kana anayependa kukaa katikati kabisa. Mimi ni mtu wa kwenda, dari ikiniangukia itakuwa imenipunguzia safari. Wale je?

Najua mnasema moyoni, "Baba anataka turudi kwenye maneno ya lile jiwe." Ndiyo, ninataka. Nimekaa kimya muda mrefu nikidhani mtachoka wenyewe. Hamkuchoka, mmejenga.

Siku ile nilikuwa na homa, nimelala hapa hapa. Mlikuwa mnajenga nyumba ya mikutano kule kijiji cha juu, na Matania ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi. Ukamwambia mdogo wako, "Nichongee jiwe la pembeni, dhiraa tatu." Sasa dhiraa ni nini, wanangu? Ni toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Na cha nani? Hapo ndipo kijiji kizima kilipopatia kicheko. Tangu nilipoanza kazi, nyumba hii imepima kwa mkono wangu. Matania, Mungu alikujalia mikono mirefu, hata mama yenu alikuwa akikutuma kuchuma tini bila ngazi. Yozabadi, wewe ulitoka mfupi na mnene kama babu yenu wa kwa mama, mikono ya mtu wa kukanda unga. Ukapima kwa mkono wako, ukachonga, na nasikia ulichonga vizuri, kila uso wa jiwe umenyooka. Wakalinyanyua, wakaliweka pembeni, likapungua kiganja kizima.

Hapo, Matania, ungesema nini? Ungeweza kusema, "Tumekosea kipimo." Wewe ulisema, mbele ya wazee wa kijiji cha watu, mbele ya baba wa mchumba wa mdogo wako, "Mkono huo ni wa kukamulia mbuzi, si wa kupimia mawe." Watu wakacheka mpaka wakashikana. Na wewe, Yozabadi, ukatupa tindo chini ukamjibu, "Bora wangu unakamua, wako mrefu hivyo unasubiri nini, si ukafagie nao barabara?" Wakacheka tena. Walipata burudani siku ile, wale watu, na hawakulipa chochote. Mkarudi nyumbani kwa njia mbili tofauti, na njia ni moja tu, sijui mwingine alipitia wapi.

Na mimi nilikuwa hapa! Nina homa, lakini mkono ninao. Homa haijawahi kumfupisha mtu mkono. Mmoja wenu angekuja na kamba, akapima toka kiwiko changu mpaka kidole, akarudi kazini, jua lingekuwa bado la asubuhi. Hakuna aliyekuja. Kila mmoja alikuwa na mkono wake.

Baada ya hapo mkakata ua kwa ukuta. Hilo nalo nitalisema maana ni la ajabu: ninyi msiosalimiana mlikubaliana siku ya kujenga, mmoja akaanzia langoni, mwingine akaanzia hapa mlangoni kwangu, mkavuta uzi mmoja, mkakutana katikati bila kupishana hata unene wa ukucha. Niliuangalia ule ukuta nikasikia fahari na uchungu pamoja, maana ni ukuta mzuri, umenyooka kuliko yote mliyowahi kunijengea, na ndiyo kazi ya mwisho mliyoifanya wawili. Umeishia kwenye mlango wangu, kwa hiyo mlango wangu sasa unafunguka nusu. Ndugu waumini wakija, nusu wanapitia kwa Matania na nusu wanapitia kwa Yozabadi, na ndani humu wanakaa vile vile, nusu huku na nusu kule, mkate ukifika katikati unasitasita kama mgeni. Yule bibi kipofu aliniuliza, "Mzee Zakuri, mbona siku hizi wimbo wenu unatoka pande mbili na haukutani?" Niliumia, wanangu. Niliumia kuliko ninavyoumia kifua hiki.

Tirza, nipe maji kidogo. Asante, mama.

Niwaambie jinsi nilivyopata kuamini, maana mnaijua imani yangu lakini mlango wake sijawahi kuwaonyesha. Mimi Bwana sikumwona kwa macho. Nasema hivyo kwa sababu hapa Galilaya kila mtu mwenye msumeno sasa anadai babu yake alishika upande wa pili wa msumeno Bwana akiwa seremala, na kule sokoni Sephori kuna mchuuzi anayeuza nira za ng'ombe, kila nira anaapa aliichonga Yeye kwa mikono yake. Zingekuwa kweli zote, asingepata nafasi ya kuhubiri hata neno moja. Mimi sikumwona. Nilimsikia kwa mwanamke mmoja muuza samaki wa kukausha, wa kutoka Kapernaumu, aliyenisimulia habari ya yule mgonjwa wa kupooza na rafiki zake wanne, walivyokuta nyumba imejaa, wakapanda juu, wakaitoboa dari na kumshusha kitanda na yeye mwenyewe mpaka miguuni pa Bwana, akainuka akaenda zake. Akamaliza, akaningoja nilie. Nikamwuliza, "Na dari nani aliitengeneza?"

Yule mama alinitazama, akaweka kapu lake chini, akasema, "Mwanamume, watu wote niliowasimulia wameuliza habari ya yule aliyepona. Wewe wa kwanza kuniuliza habari ya udongo." Nikamwambia, "Mama, mimi ni mwashi. Mimi nikisikia dari imetobolewa ninaona mwenye nyumba chini amejaa vumbi ndevuni." Akacheka, akanipa samaki bure, akaenda.

Lakini habari ile haikuniacha. Usiku na mchana naiwaza, na kila nikiiwaza nawaona wale wanne juu, kila mmoja na kamba yake, kila mmoja kwenye pembe yake. Mmoja mrefu, mwingine mfupi, haiwezi kuwa wote walilingana. Kila mmoja angeshusha kwa kadiri ya mkono wake, yule mgonjwa angeteleza kitandani akafika kwa Bwana kichwa chini. Basi walifanyaje? Walitazamana. Mwenye mkono mrefu alishusha polepole amngoje mwenye mfupi. Kipimo chao hakikuwa mkono wa yeyote kati yao, kilikuwa yule aliyelala katikati. Na habari inasema Bwana alitazama juu akaiona imani yao, yao wote wanne, wakati huo mgonjwa hajasema neno. Nikajiambia, Mungu anayetazama watu kupitia tundu la dari akafurahi badala ya kudai fidia, huyo ninaweza kumfanyia kazi. Ndivyo nilivyoamini. Sina mlango mwingine wa heshima zaidi.

Na tangu hapo kazi yetu yote imenisemesha. Mnakumbuka yule tajiri wa Sephori aliyetaka nyumba ya kiangazi pale bondeni? Udongo wa bonde mwezi wa joto ni mgumu, ukiupiga sururu inaruka, na yeye akasema, "Jenga juu juu, huu ni mwamba tosha." Nikakataa, nikachimba mpaka nikalisikia jiwe la kweli likijibu. Mkanilalamikia ninyi wenyewe, migongo inawauma, "Baba, tunachimba kisima au nyumba?" Mvua zikaja, bonde likawa mto, nyumba zote za jirani zikaondoka na milango yake, ile yetu imekaa. Sikuwa na akili kuliko wale wengine, niliogopa maji tu. Ninyi pia yaogopeni. Ugomvi nao wakati wa kiangazi huonekana mgumu kama mwamba, mtu anajenga juu yake miaka.

Hata Hekalu, wanangu. Nikiwa kijana nilikwenda Yerusalemu kwenye sikukuu, na wenzangu wakisali mimi nilikuwa nimepachika ukucha kati ya jiwe na jiwe nikitafuta mahali pa kupenya, nisipate. Nililia kwa uzuri wa kazi ile. Sasa liko chini, Warumi wamelilaza, na niliposikia nililala siku nzima bila kula. Aliyenitoa kitandani ni mama yenu, Mungu amweke pema. Alisema, "Zakuri, inuka, watu wako nje wanataka mahali pa kukutana." Nikainuka, nikabomoa ukuta wa katikati wa chumba hiki, mimi na ninyi wawili, mnakumbuka? Tukakipanua. Yozabadi ulikuwa unaimba. Basi nikaelewa Mungu anajenga kwa nini siku hizi, anajenga kwa watu, na watu si mawe ya kuchongwa yakakubali, wanajibu, wana shingo ngumu. Nikamwonea huruma kidogo.

Sasa mali, maana naona Matania anatazama kona yenye vyombo. Usione haya, ni haki yako kutazama. Sheria inampa mkubwa mafungu mawili, sitaivunja: mizeituni ya mteremkoni, mafungu mawili yako, moja la Yozabadi. Na kwa kuwa ni mafungu mawili ya kila kitu, basi na kuomba radhi pia una mafungu mawili, utaanza wewe. Timazi ni yako, una jicho la kuona ukuta ulioinama hata ukiwa umepanda punda. Tindo zote na nyundo ndogo ni za Yozabadi, mkono wake mfupi unachonga jiwe kuliko wangu nikiwa na nguvu, na hili nilipaswa kulisema hadharani. Tirza, mbuzi ni wako na chumba cha nyuma ni chako, uolewe au usiolewe, mtu asikuondoe. Mjane wa Heleki nilimwahidi ukingo wa dari, kama Torati inavyotaka, mtoto asije akadondoka. Mtaujenga ninyi, na msile chochote kwake, anakopa unga.

Na hiki kijiti cha mzeituni kilichoko chini ya mto wangu, kitoe, Tirza. Tulikikata juzi, mimi na yeye. Ni dhiraa yangu. Kitundikeni mlangoni, yeyote anayefanya kazi nyumba hii apimie hicho, mrefu kwa mfupi. Kaburini pia mnipimie kwa hicho hicho. Nikipimiwa kwa mkono wa Yozabadi miguu itabaki nje, nikipimiwa kwa mkono wa Matania nitapotea humo ndani, siku ya ufufuo malaika anitafute. Mnacheka. Vizuri, chekeni, mlikuwa mmesahau kwamba mnacheka kwa sauti moja.

Limebaki jiwe. Matania, jiwe hilo la kushindilia ulilolilinda juu huko, hukutaka mdogo wako aliguse, unalijua lilikotoka? Ulinikuta nalichonga hapo mlangoni, ukasimama, ukapitisha kiganja juu yake, ukaniambia, "Baba, hili jiwe ni safi, umelitoa machimbo gani?" Nikakujibu, "La karibu." Si uongo. Nililitoa kando ya barabara ya kijiji cha juu, pale mlipolitupa, likavutwa na ng'ombe wa Obedi. Ndilo lile, mwanangu. Ni jiwe la dhiraa tatu za Yozabadi. Kwa pembe ya nyumba lilipungua kiganja, kwa dari yangu lilitosha kabisa, nilizungusha tu mviringo wake na kutoboa matundu ya panda.

Na wewe Yozabadi usicheke. Umekataa kutoa panda mwaka mzima ili jiwe la kaka yako lisisogee, kumbe ni lako. Wote wawili mmelinyima jiwe lile lile kazi, mmoja kwa kulipenda na mwingine kwa kulichukia, na hakuna aliyelijua. Na kila juma, humu ndani, mnakiri kwa sauti kubwa kwamba Bwana wetu ndiye jiwe ambalo mafundi walilikataa, na Matania ndiye unayeanzisha, sauti yako inafika mpaka kisimani! Mafundi, mwanangu. Si wavuvi, si watoza ushuru. Sisi ndio tunaosemwa hapo. Jiwe hukataliwa na wajuzi wa kazi, wenye kipimo mkononi, na kipimo chenyewe ni mkono wao. Ndiyo maana Yeye, alipotupimia, hakutumia mkono wa mtu. Alinyoosha yake yote miwili juu ya mti, huku na huku, na katika upana ule sijasikia aliyeambiwa amepungua.

Matania, mkono mrefu Mungu alikupa umfikie ndugu yako juu ya ukuta. Ungemfikia siku yoyote.

Ehe. Sikilizeni. Mnasikia? Hiyo ni radi, ile ya mbali, ya upande wa Karmeli. Obedi ataringa mpaka kifo chake.

Basi neno la mwisho la mali. Vyumba vyenu ni vyenu, ua gawaneni kama mnaona haja, lakini dari hii sigawi. Boriti ni moja, imelala juu ya ukuta wa huyu na ukuta wa huyu, ukikata katikati wote mnaangukiwa. Naiacha nzima, kwenu wote, na asiyeisukumia jiwe hana fungu chini yake. Ondokeni. Yozabadi, lete ile panda. Matania, chukua ndoo ya udongo, Tirza aliuloweka asubuhi, alikuwa na imani kuliko mimi. Lile tuta la katikati livunjeni kwanza, udongo wake ujaze nyufa, ni mzuri, nimeuonja, umenidondokea mdomoni mara nyingi. Nini, Matania? Sema kwa sauti, masikio yangu yanatangulia kufa. Unamwambia yeye? Basi mwambie yeye, mimi ninatazama ukuta.

...

Wamekwenda? Tirza, wameshikana au wametangulizana? Wametangulizana. Si haba, ngazi ni nyembamba.

Kaa hapa, mama. Nishike huu mkono wa dhiraa. Umekuwa mwepesi, eh? Sikia, wanabomoa. Hiyo ni nyundo ya Matania, anapiga kwa hasira hata akiwa na furaha. Hicho kikohozi cha kicheko ni cha nani? Sikia, wanabishana, mwingine anasema, "Vuta wewe," mwingine anasema, "Vuta wewe, una mikono mirefu." Aa, hiyo nimeipenda. Vumbi linaniingia machoni, acha, usinifute, lile vumbi la mwenye nyumba wa Kapernaumu na mimi limenifikia.

Wanangu mlioko juu, nawabariki, na Tirza akishuka... akipanda, atawaambia. Mungu wa baba zetu awape udongo usioachana na chokaa isiyozima kabla ya kazi. Awape wake wenye kicheko cha mama yenu. Awape njaa ya kweli na mkate wa kuimaliza. Mkono wa Bwana uwe kipimo chenu mkiingia na mkitoka. Mlango wangu, ukuta ule... watauona wenyewe. Keshokutwa ndugu wapitie popote.

Linanguruma. Umelisikia, Tirza? Limepita juu yangu, limekwenda mpaka kwa Matania. Linarudi. Halikusimama katikati. Linapita kama... linapita tu. Ni jiwe zuri. Nichonge nini tena, basi.

Hiyo ni mvua. Hiyo ni mvua sasa, siyo? Wamwambie Obedi ameshinda. Washuke wasilowe... hapana, waache, waache walowe pamoja.

Tazama Yordani. Hapo juu. Umekauka, hautoi hata tone.

Binti yangu, ondoa hilo bakuli.